Gunia la Nguo Zilizofifia

Kila Ijumaa asubuhi, mafundi cherehani wa nyuma ya soko la Owino hufagia mabaki ya vitambaa ya wiki nzima na kuyauza kwa gunia. Ukichelewa, shauri yako. Ijumaa ile fundi Dawudi alikuwa amebakiwa na gunia moja tu, na watu wawili walilishika kwa pamoja.

"Ssebo, wachia hiyo gunia. Mimi nimefika kwanza," alisema mwanamke.

"Umefika kwanza wapi, na nimekupita hapo mlangoni?"

Mwanamke alikuwa Aciro, binti wa sajini, aliyekulia kambini Mbuya, na watoto wa kambini hawaachii kitu chao kirahisi. Alivaa gauni la njano lililombana kiuno, sindano tatu kazichomeka kolani. Mwanamume alikuwa Wandera, Mkenya wa Busia, mrefu, shati la drafti, kazi yake kuwauzia mafundi wa magari wa Namuwongo vitambaa vya kufutia oili.

"Unataka kufuta oili na kitenge hii?" Aciro alichomoa kipande chenye maua mekundu. "Banange! Wewe hauna huruma?"

"Na wewe unaenda kuifanyia nini?"

Aciro alitoa mkobani kitambaa cha kushikia sufuria ya moto, kimeungwa kwa vipande kumi na sita, hakuna rangi inayogombana na mwenzake. Wandera alikigeuza mbele na nyuma, akasahau ugomvi.

"Hii umeshona na mkono?"

"Na mguu. Cherehani yangu ni ya mguu."

Alicheka, na Aciro akaona meno yake mazuri. Dawudi aliwaambia wagawane au waondoke mlangoni pake. Wakagawana: yenye maua yakawa ya Aciro, yaliyofifia ya Wandera.

"Nani alikufundisha?" Wandera aliuliza wakifunga mizigo.

"Mama."

"Yuko wapi nimshukuru?"

"Kitgum," alisema Aciro, akatazama kando.

Hapo ndipo alipokosea, ingawa mimi simlaumu. Mama alikuwa Kitgum kweli, ila kaburini, tangu Februari ya mwaka uliotangulia. Neno "amekufa" alikuwa bado hajaweza kulitamka. Alijiambia atamweleza kesho, na kesho hiyo ikawa miezi minane.

Miezi hiyo mapenzi yalinoga. Simu zilikuwa haziishi.

"Umekula, malkia wa viraka?"

"Nimekula. Wewe umenawa? Jana uliniachia oili kwa shavu."

"Hiyo si oili, ni muhuri. Wanajeshi wa Mbuya wajue uko na mwenyewe."

"Gwe! Mjinga wewe." Aciro alicheka mpaka uzi ukakatika kwenye sindano.

"Na mama anaendeleaje?"

"Mzuri. Anakusalimia."

Kila Ijumaa walichambua mabaki sakafuni kwa Aciro. Yenye rangi yalibaki chini ya cherehani yashonwe aproni na kofia za birika. Yaliyofifia yaliingia gunia la Wandera lililokaa mlangoni, naye alikuja kulichukua hata Aciro asipokuwepo, maana ufunguo alikuwa nao. Pamba kuukuu, iliyofuliwa mpaka ikalainika, ndiyo mafundi wa magari huipenda. Hunywa oili upesi.

Novemba ukoo ulipanga siku ya kuanua matanga, siku ambayo dada wa marehemu hugawana nguo zake. Magauni ya mama yalikuwa yamechakaa, hayavaliki tena. Mama huyo ndiye aliyekuwa mpishi wa harusi na misiba yote ya ukoo, kwa hiyo Aciro aliomba ruhusa kwa hao dada watano wa mama: magauni ayakate, amshonee kila mmoja aproni. Walikubali, na mama mkubwa Aloyo alilia kwenye simu kwa kufurahi. Aciro aliyafumua mishono kwa siku mbili, akavitia vipande guniani, akaliacha gunia kando ya meza na kwenda Lubaga kupeleka oda.

Jioni akiwa njiani kurudi, Wandera alipiga simu.

"Mpenzi, leo umenipa mzigo wa maana! Pamba laini, mafundi wameigombania. Ulisahau tu kuiweka mlangoni."

"Pamba gani?"

"Ile ya kando ya meza. Imeisha yote. Na nimemnunulia mama zawadi, sufuria kubwa na mfuniko wake. Krismasi tunampelekea, ama?"

Aciro alisimama katikati ya watu. Mtu mmoja akamgonga bega, hakusikia.

"Wandera, hiyo ilikuwa nguo ya mama."

"Haki ya Mungu, pole sana! Nitamnunulia mpya. Tatu, hata nne."

"Mama alikufa."

Wandera aliuliza, "Lini?"

"Kabla yako."

Wandera alikata simu. Alikimbia Namuwongo, akapita gereji baada ya gereji akiwaomba watu vitambaa vichafu. Fundi Omolo alichomoa kimoja mfukoni, cheusi tii, akamuuliza kama amerukwa na akili. Siku tatu alipekua mapipa na kutambaa chini ya magari. Vipande alivyovipata alivilowesha kwa mafuta ya taa, akavifua kwa sabuni mpaka vidole vikachubuka. Siku ya nne alibisha kwa Aciro na vipande kumi na kimoja, vimeiva rangi ya moshi.

Aciro alivihesabu, akavihesabu tena. Vilitosha aproni moja.

"Kwa nini hukuniambia?" Wandera alilia waziwazi. "Miezi minane namsalimia mtu aliyekufa!"

"Sababu ukiuliza mama anaendeleaje, na mimi nikisema mzuri, anakuwa mzima kidogo. Mimi nilisikia raha, Wandera. Nisamehe."

"Mimi ndiye wa kusamehewa. Twende wote Kitgum. Nitapiga magoti mbele ya hao mama. Nataka kukuoa, Aciro."

Aciro alimshika uso kwa mikono miwili. Alimpenda, na hilo halikubadilika hata siku moja. "Wacha niende peke yangu kwanza," alisema. Usiku huo alishona aproni moja, na asubuhi akaondoka.

Jumapili mchana alipiga simu.

"Mama mkubwa Aloyo aliichukua," alisema. "Aliweka kwa pua, atafute harufu ya dada yake. Akapata mafuta ya taa. Akakunja polepole, akanirudishia. Wengine hawakushika hata."

"Uliwaambia ni mimi?"

"Nilisema nimepoteza mimi."

"Kwa nini, Aciro? Kosa ni langu!"

"Ningesema wewe, wangekuchukia. Sitaki mtu akuchukie."

"Basi unanipenda."

"Nakupenda sana, bambi."

"Basi rudi, tufunge ndoa. Nitaacha biashara hii. Nitauza hata mandazi."

Aciro alivuta pumzi. "Sikiza. Hapa nimezika mama mara ya pili. Nikirudi kwako, kila siku utaingia mlangoni na mimi nitamzika tena. Sio kosa yako. Lakini nitachoka, halafu nitaanza kukuchukia, na hiyo ndiyo siwezi."

"Nifanye nini?"

"Usipige simu tena. Ukipiga nitashika, na nikishika nitarudi."

Wandera hakupiga. Siku moja moja alilifungua jina la Aciro kwenye simu, akalitazama, akairudisha simu mfukoni, maana kutopiga ndilo jambo pekee alilokuwa ameombwa. Na kule Kitgum, kwa miezi mingi, Aciro aliibeba simu yake mpaka shambani. Alikuwa akimwomba Mungu isilie, na kila jioni akimlaumu Wandera kwamba haikulia.