Mlio wa Pili Kwihara

Sylvester alikutwa kifudifudi kwenye jaruba la mpunga, nusu ya uso ndani ya maji, panga bado mkononi. Risasi ilikuwa imeingia nyuma, chini kidogo ya shingo, na haikutoka. Juu yake lilisimama dungu, jukwaa la miti la kulindia mpunga dhidi ya ndege. Nguzo yake moja ilikuwa imekatwa hadi katikati, na vibanzi vyeupe vilielea majini.

Muuaji hakuhitaji kutafutwa. Alikuwa amekaa kwenye tuta, mkongojo pembeni, bastola mapajani, akiwasubiri askari kama mtu anayesubiri zamu yake zahanati.

"Shikamoo, mzee," alisema Inspekta Shamimu.

"Marahaba, mwanangu. Usihangaike. Huyu ni mtoto wangu wa kumzaa, na aliyemuua ni mimi."

Mzee Wenceslaus alikuwa mkulima wa hapo hapo Kwihara. Bastola aliirithi kwa baba yake, na kibali cha kuimiliki kilikuwa na jina lake. Koplo Vedasto alifurahi waziwazi. Asubuhi haijakomaa, na kesi imekwisha!

Shamimu hakufurahi. Huyu mtoto wa mjini Tabora alikuwa na kasoro moja ambayo wakubwa wake waliichukia: hakupenda kabisa kesi inayojileta yenyewe kituoni. Njiani kurudi mjini aliandika na kufuta daftarini, na Vedasto, aliyemzoea, alijua kwamba chakula cha mchana hakipo.

"Ulisimama wapi?" alimuuliza mzee kwenye chumba cha mahojiano.

"Kwenye tuta."

"Yeye?"

"Mbele yangu. Ameinama, anakata nguzo ya dungu."

"Ulipiga risasi ngapi?"

"Mbili. Moja hewani, kumwonya. Ya pili ndiyo hiyo."

"Ya pili uliitoaje?"

"Kama ya kwanza. Nilivuta nyundo, nikafyatua."

"Juu ya dungu palikuwa na nani?"

"Hakuna mtu. Veneranda alikuwa nyumbani anapika."

"Veneranda ni nani?"

"Mkamwana wangu. Mjane wa mwanangu mwingine, Eliya. Shamba ni lake."

"Mimi sikuuliza nani alikuwa nyumbani, mzee wangu."

Mzee aliushika mkongojo wake, akaomba arudishwe mahabusu.

Daktari hakumsaidia Shamimu hata kidogo. Mtu aliyeinama, alisema, akipigwa na mtu aliyesimama mbele yake, risasi huingia hivyo hivyo, kutoka shingoni kwenda tumboni. Mkuu wa upelelezi naye alishachoka. Mzee afikishwe mahakamani kesho asubuhi kwa kosa la mauaji, basi. Shamimu alijibu ndiyo afande, akaenda moja kwa moja kwenye ghala la silaha.

Vedasto, ambaye ndiye fundi wa silaha wa kituo, alikuwa ameiweka bastola mezani. Ilikuwa ya kizamani, ya silinda, yenye mpini wa mbao uliong'azwa na viganja vya watu wawili, baba na mwana.

"Hizi huwezi kufyatua tu mfululizo, afande," alisema. "Kila risasi lazima kwanza uvute nyundo kwa kidole gumba. Nyundo ikirudi nyuma, kuna kidole cha chuma humu ndani kinachosukuma silinda. Risasi mpya inakuja kukaa mbele ya nyundo. Sasa tazama."

Aliishika imelala sawa na meza, akavuta nyundo. Silinda haikutikisika. Akavuta tena. Wapi!

Akafungua skrubu, akatikisa, na kipande cha springi kikaanguka mezani, kidogo kuliko punje ya mchele. Pale kilipokatikia palikuwa na kutu.

"Imekufa zamani hii," alisema Vedasto. "Springi ndiyo inayokibana kile kidole kishike meno ya silinda. Bila hiyo, bastola inapiga mara moja. Ukivuta tena, nyundo inagonga ganda lile lile tupu."

"Lakini maganda yaliyopigwa ni mawili."

"Labda aliizungusha silinda kwa mkono."

"Amesema alivuta nyundo tu."

"Basi anadanganya."

"Hilo nalijua. Anadanganya nini?"

Vedasto alirudishia vyuma mahali pake, springi akaiacha mezani, akamkabidhi bastola. Shamimu hakuwahi kupokea silaha bila kuielekeza chini; mkufunzi wake chuoni aliwapigia kelele juu ya jambo hilo mpaka likawaingia mwilini. Basi aliielekeza kwenye ndoo ya mchanga iliyokuwa miguuni pake, akavuta nyundo.

Silinda ikazunguka.

Wote wawili wakaitumbulia macho.

"Umeitengeneza?"

"Afande, springi si hiyo hapo mezani?"

Shamimu aliinyanyua ikalala sawa, akavuta. Haikuzunguka. Akaielekeza chini tena. Ikazunguka vizuri kabisa, kama mpya. Vedasto alijipiga paji la uso, akacheka.

"Uzito! Mtutu ukiwa chini, kile kidole kinaangukia mbele chenyewe, kinashika meno. Ukiilaza, kinarudi nyuma, hakishiki kitu."

"Kwa hiyo risasi ya kwanza ilikuwa tayari mbele ya nyundo, ikaenda hewani. Ya pili ilikuja kwa sababu mpigaji alielekeza mtutu chini ndipo akavuta nyundo. Ukiwa kwenye tuta, unamlenga mtu wapi?"

"Mbele."

"Na ukiwa juu ya dungu?"

Vedasto aliacha kucheka. Dungu lile lilikuwa refu kuliko mtu, na mzee Wenceslaus hata kizingiti cha kituo alikivuka kwa kushikwa mkono.

"Washa gari," alisema Shamimu.

Jirani wa shamba lile, Mama Recheli, alikuwa akipalilia karanga zake. Bastola ya mzee? Alicheka kwa pua. "Hiyo husema mara moja tu. Kijiji kizima tunajua. Hata ndege wanajua."

"Leo imesema mara mbili, mama."

"Ndiyo maana nilishtuka."

"Kati ya mlio na mlio, ulisikia nini?"

Mama Recheli aliliegemea jembe lake. Ilionekana wazi kwamba jambo hili lilikuwa limemkaa kooni tangu asubuhi.

"Nilisikia kicheko, mwanangu. Cha mwanamume. Halafu panga, ko, ko, ko. Halafu ule mlio."

Shamimu hakuhitaji zaidi. Mwanamume anayecheka mbele ya bastola ni yule anayejua kwamba imeshamaliza maneno yake.

Veneranda walimkuta shambani, anazunguka matutani na kugonga debe. Msiba uko nyumbani, lakini ndege hawana msiba. Alipowaona aliweka debe chini, akafuta mikono kwenye kanga.

"Pole na msiba, dada," alisema Shamimu.

"Ahsante."

"Ulikuwa juu ya dungu."

Veneranda aliitikia kwa kichwa.

Shamimu alimpa onyo kama sheria inavyotaka: halazimiki kusema, na atakachosema kitaandikwa. Kisha, kwa kuwa alimwonea huruma, na hilo hakulificha, aliongeza, "Mwanamke peke yake, mwanamume ana panga. Dungu linayumba. Uliogopa."

"Niliogopa kabla ya mlio wa kwanza," alisema Veneranda. "Bastola alinipa baba mkwe, nitishie watu. Sylvester alikuwa akilitaka hili shamba tangu tulipoanua matanga ya mume wangu. Siku hiyo hiyo alilipima kwa hatua, watu bado wanakula. Leo akaja na panga. Nikapiga juu. Akacheka. Akasema, 'Imeshasema hiyo. Shuka, urudi kwenu Kigwa.' Akaendelea kukata, huku anacheka, mimi nikiwa huko juu."

"Ukavuta nyundo tena."

"Nilivuta. Nilijua haitalia, kama wote tunavyojua. Lakini nilitaka ilie, afande. Hapo sikuwa na woga tena. Alikuwa amenipa mgongo, hakuwa akipanda. Nilikasirika, nikataka kile kicheko kiishe. Andika hivyo hivyo."

Vedasto aliandika, na mara moja tu alisita kumtazama Shamimu, kana kwamba anaomba neno moja libadilishwe. Shamimu alitikisa kichwa.

Jioni mzee Wenceslaus alitolewa mahabusu. Alimwona Veneranda kwenye benchi, amefungwa pingu, na mkongojo ukamponyoka.

"Kumkabidhi mtu silaha yako ni kosa, mzee, na hilo utalijibu," alisema Shamimu akimwokotea. "Lakini nieleze. Aliyekufa ni damu yako. Kwa nini umkinge aliyemuua?"

"Bastola nilimpa mimi. Risasi ya pili niliiweka mimi, kwa mazoea tu." Alikaa kwenye benchi kando ya mkamwana wake, akaushika mkono wake wenye pingu. "Eliya nilimzika, huyu ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho. Sylvester nitamzika kesho. Nilitaka nibakiwe na mmoja."