Alama za Vema za Uongo

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Chiriku alimeza kidonge cha kifafa, kisha akatia alama ya vema kwenye daftari la dawa. Angalau ndivyo mama yake alivyoamini. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu ya mdomo usiopumzika. Jumanne hiyo, hata hivyo, alikuwa kimya tangu alipoamka.

Daktari wao wa zamani alikuwa amestaafu. Mchana wangeonana na daktari mpya kwa mara ya kwanza.

"Lete daftari na vidonge vilivyobaki," mama alisema, akisogeza cherehani ili apate nafasi mezani. "Na maswali ya daktari umeyaandika?"

"Bado, mama."

"Utayaandika lini, mwanangu? Tukishafika mlangoni?"

Chiriku aliingia chumbani. Akakaa, akasimama, akakaa tena. Chini ya godoro alikuwa ameficha soksi yenye vidonge kumi na tisa. Dawa ya asubuhi ilimtia usingizi, na siku alipokoroma katikati ya hisabati, darasa zima lilivunjika mbavu. Tangu hapo hakuimeza, ila alama aliendelea kuzitia. Wiki iliyopita alianguka kifafa uwanjani, akapasuka kidevu.

Aliichukua soksi ili akavitupe vidonge chooni. Alipofika mlangoni, alimsikia mama akiandika huku akijisomea kwa sauti: "Mtoto hakosi dawa hata siku moja. Lakini bado anaanguka. Tufanyeje?"

Akarudi chumbani. Akaisukumiza soksi ndani ya mkoba wake.

Daktari mpya alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani. Alipekua daftari ukurasa kwa ukurasa.

"Hongera, binti. Hujakosa hata mara moja. Basi dozi hii haikutoshi. Itabidi tuiongeze." Akashika kalamu.

Chiriku alijipindapinda kitini. Alikunja pindo la sketi, akalikunjua.

"Una nini wewe? Tulia," mama alimnong'oneza.

"Usiandike, daktari!" Sauti ilimtoka kabla hajajua. Akaiweka soksi mezani. "Alama hizo ni za uongo. Dawa za asubuhi sizimezi. Zinanilaza darasani, wananicheka."

Mama alivitazama vidonge, akamtazama mwanawe, na machozi yakamlengalenga. "Nami nimekesha nikijiuliza nimekosea wapi! Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa, mama. Nisamehe."

Daktari aliweka kalamu chini. Hakufoka. Aliuliza mambo mengi: usingizi unaanza saa ngapi, unadumu muda gani. Mwishowe akapanga upya saa na vipimo vya dawa. "Ukiona usingizi tena, usiache dawa. Mwambie mama, mje."

Mwezi mmoja baadaye walirudi. Chiriku hakuwa ameanguka tena, na katika hisabati alikuwa macho, akipiga domo hadi mwalimu akamhamishia dawati la mbele. Daktari alicheka aliposikia hayo, kisha akamwinamia.

"Siku ile ningekuongezea dawa ambayo hukuihitaji, ikakudhuru, na kosa lisingekuwa la dawa. Mimi sikukujua, nilikuwa mgeni katika mwili wako, na wewe ndiye mwenyeji. Mwenyeji akimdanganya mgeni njia, hupotea wote wawili. Ukienda kwa daktari, binti yangu, chukua daftari, chukua vidonge, lakini kwanza kabisa chukua ukweli."