Unga wa Tantini Brigitte

Kila alasiri alipotoka shule, Chloé alipitia saluni ya Tantini Brigitte kabla ya kurudi kwao Bellevue, mtaa wa wahamiaji. Alifagia nywele sakafuni, akaosha vitana, akakunja taulo. Mama yake, Victorine, alikuwa msusi humo mpaka mimba ilipomlemea, na Chloé akashika kazi ndogondogo ili nafasi ya mama isipotee.

Siku hizi aliendelea kuja, na aliendelea kumsalimu Brigitte "Bonjour, tantini", yaani habari shangazi, kwa adabu. Lakini moyoni alikuwa na moto. Kila alipomwona Brigitte akicheka na wateja, alijiambia, "Cheka tu. Zamu yako inakuja."

Chanzo cha moto huo kilikuwa hiki. Mimba ya Victorine ilipoingia mwezi wa nane, uso na mikono yake ilivimba hata pete ikagoma kutoka. Kichwa kilimuuma mchana na usiku. Alitaka kwenda kliniki, lakini Brigitte alimzuia.

"Mama Chloé, hayo ni maji tu," alisema. "Kule utapanga mstari tangu alfajiri, na wakisikia lafudhi yako ya kigeni watakutukana. Chukua huu unga wangu wa mizizi, ukoroge kwenye maji ya moto. Uvimbe utaisha."

Victorine akanywa. Jumapili moja, walipotoka kanisani, alisema anaona vimulimuli mbele ya macho. Kabla hajaketi, alianguka jikoni, mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kutikisika. Babake Chloé, Papa Damien, ambaye ni mlinzi kule Midrand, alikuwa nyumbani siku hiyo. Alimlaza ubavu, akamwita jirani mwenye gari, wakamkimbiza hospitali. Madaktari walimchoma sindano ya kuzuia degedege, wakamfanyia upasuaji. Mtoto wa kiume alitoka kabla ya wakati wake, mdogo mno, akawekwa kwenye mashine ya joto, na Victorine akabaki amelazwa.

Aliyewaeleza yaliyotokea ni Sista Emmy, mkunga mwenyeji wa nchi hii aliyezaliwa Morogoro wazazi wake walipokuwa uhamishoni, na ambaye Kiswahili chake kilikuwa laini kama cha Watanzania.

"Huu ni ugonjwa wa shinikizo la damu katika ujauzito," alisema. "Ukiachwa, huwa kifafa cha mimba. Kichwa kuuma bila kupoa, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu chini ya mbavu: mwenye dalili hata moja kati ya hizo asingoje kesho. Tukimpima mapema, tunaweza kumsaidia."

Katika maneno yote hayo, Chloé aliondoka na neno moja tu: mapema. Basi aliyemchelewesha mama ndiye aliyetaka kumuua.

Kabatini mle saluni kulikuwa na krimu ya kuondolea nywele miguuni. Brigitte naye alikuwa na chupa yake ya pekee ya mafuta ya kulainisha nywele, asiyomgusisha mtu. Nywele zake ndefu zilikuwa fahari yake mtaani. Ijumaa, Brigitte alipotoka kununua chakula, Chloé alimwaga nusu ya mafuta yale kwenye sinki, akajaza krimu, akatikisa. Alipowaza kipara cha Brigitte mbele ya kanisa zima, alihisi utamu mdomoni.

Jumamosi alifika mapema asije akakosa kuona. Kabla Brigitte hajaanza kujiosha nywele, aliingia mteja, Paulina, mke wa Mtanzania mwenye duka Soweto. Tumbo lake lilikuwa limetangulia mlangoni.

"Shoga, nisuke upesi nikalale," Paulina alisema. "Kichwa kinanipasuka tangu juzi. Hata robot, zile taa za barabarani, naziona zina ukungu."

Chloé akainua macho. Uso wa Paulina ulikuwa umejaa kama wa mama yake.

"Pole, hayo ni maji," Brigitte alisema, akifungua droo. "Nina unga hapa, utakunywa nikikuosha." Akamlaza kichwa kwenye sinki. Chupa ya mafuta ya wateja ilikuwa tupu. "Eish! Basi leo nakupa mafuta yangu mwenyewe, maana wewe ni mgeni wa heshima."

Chloé alisimama na ufagio mkononi. Akinyamaza, Paulina angeungua, na lawama zote zingemwangukia Brigitte. Mtaa mzima ungemchukia. Kisasi kingekuwa kikubwa kuliko alivyokipanga. Kwa kitambo alikitamani kweli.

Paulina akafumba macho, akaushika ubavu wake wa kulia, chini ya mbavu. "Na hapa panachoma," alinong'ona.

"Usimpake!" Chloé alipiga kelele, akaikamata chupa. "Nimetia krimu ya kuondoa nywele. Nilikuwekea wewe, tantini! Na unga huo asiunywe. Mama alikuwa hivihivi. Hivihivi kabisa!"

Brigitte alinusa chupa, akainua mkono kumpiga. Chloé hakukwepa.

"Nipige," alisema huku machozi yakimtoka, "lakini mpeleke hospitali kwanza."

Mkono wa Brigitte ulibaki hewani. Alimtazama Paulina, akautazama uso ule uliovimba, kisha akashusha mkono. Alifunga saluni, akaita teksi.

Hospitalini, Sista Emmy alimpima Paulina shinikizo la damu na mkojo, akaita daktari papo hapo. Walimpa dawa na sindano kabla degedege haijaanza. Baadaye alijifungua binti, wote wazima.

Brigitte alikaa kwenye korido akilia. "Mama yangu, kule kwetu Uvira, alitupa unga huu sote," alisema. "Tulivimba, tukazaa salama."

"Wengi huvimba miguu na kuzaa salama, wawe wamekunywa unga au hawajanywa," Emmy alijibu. "Ndiyo maana unga unasifiwa. Wale walioanguka hawarudi kuusema."

Brigitte alikwenda kitandani kwa Victorine, akapiga magoti, akaomba msamaha. Victorine alimjibu kwamba amesikia, ila moyo wake bado unauma. Brigitte alipotoka, Chloé alimweleza mama yake yote, hata ule utamu aliouhisi.

"Nilitaka alie mbele ya watu," alisema. "Sasa amelia. Mbona sifurahi?"

Victorine alikuwa amemlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kama wakunga walivyomfundisha.

"Hasira hata mimi ninayo, mwanangu, na sitakudanganya kwamba imeisha. Lakini kisasi chako kingempata Paulina, na ugonjwa ule ungeendelea kuwavizia wengine. Kesho utamwomba Paulina na tantini msamaha. Kisha ukimwona mwanamke mjamzito anayelalamika kichwa au macho, mwambie alichokuambia Sista Emmy, na umsindikize akapimwe. Anayekuumiza kwa kutojua, usimlipe kwa kuumiza. Mwondolee ule ujinga, maana ndio uliotupiga sisi."