Samaki Aliyeruka Kabla ya Kugongewa

Jioni ile samaki aliruka kabla Loisi hajagonga chupa.

Lilikuwa jambo dogo. Loisi alisimama na kopo la nzi wakavu mkononi, mtoto wake Yotham mgongoni, akalitazama tone la maji lililomrukia mkononi. Bwana Lembke, Mjerumani aliyesimamia nyaya za simu kwenye stesheni ya Dodoma, alikuwa amemzoesha samaki wake. Uligonga chupa mara tatu kwa kalamu, ukamshika nzi juu ya maji kwa vidole viwili, ndipo samaki akaruka na kumnyakua. Bila kugongewa hakuwahi kuruka.

"Leo una njaa," Loisi akamwambia kwa sauti ndogo, akampa nzi wake.

Samaki alikuwa na urefu wa kidole, mwekundu kama damu ya kuku, na mapezi yake marefu yalining'inia kama kitambaa kilicholowa. Alitoka nchi ya mbali, akapitia Ulaya, akaletwa kwa meli na kisha kwa gari la moshi, ambalo lenyewe lilikuwa na mwaka wa pili tu tangu lifike Dodoma. Watu walikuja kumchungulia dirishani. Tabu, mfua nguo wa nyumba ya jirani, alicheka hadi akashika kiuno.

"Sisi tunafuga ng'ombe, wenzetu wanafuga kitoweo! Tena kidogo hivi, hakitoshi hata tonge moja la ugali."

Bwana alipoondoka kwenda Tabora kwa miezi miwili, alimwita Filipo, mpishi wake, mume wa Loisi.

"Nikirudi nimkute hai. Maji ya mvua tu. Kila siku ya tatu mbadilishie nusu."

Filipo aliitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana. Alikwisha kumwona mwenzake akichapwa viboko hamsa ishirini kwa sababu ya sahani iliyovunjika. Kwa samaki je?

Lakini mvua ya mwaka ule haikunyesha. Pipa lililokuwa chini ya paa la bati likaisha hadi matope, na matope nayo yakapasuka. Loisi akabeba kibuyu chake akashuka korongoni, mahali wanawake walikochimba visima mchangani. Vyote vilikuwa vikavu. Kilibaki kimoja tu, chini ya ukingo mrefu, ambacho wengi walikipita bila kukitazama.

Kila mwanamke wa pale alijua desturi ya kisima kile. Kibuyu cha kwanza hakibebwi. Humwagwa palepale mchangani kuwa fungu la wenye maji, wale wasioonekana, kisha ndipo unapojaza chako. Loisi alipiga magoti, akachota kata baada ya kata tangu asubuhi hadi jua likawa utosini. Kibuyu kilipojaa, kisima kikakauka. Akangoja. Hakikutoa hata tone. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akamwaza Filipo akilazwa kifudifudi mbele ya askari. Akaziba kibuyu kwa majani, akapanda nacho nyumbani.

Aliyatumia maji yale kidogo kidogo, na samaki akaanza kuruka kabla ya kugongewa.

Siku iliyofuata aliruka Loisi alipokuwa bado mlangoni. Halafu ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya tope bichi, ya mvua ya kwanza, ndani ya chumba ambacho nje yake hata mabua ya mtama yalikuwa yamegeuka vumbi. Loisi alifunika chupa kwa sahani. Alipokuwa jikoni akasikia sahani ikitambaa juu ya kioo, taratibu, kama mtu anayefungua chungu asisikiwe.

Tena akahisi jambo jingine, na hili hakumwambia mtu kwa siku mbili. Kila samaki aliporuka, mtoto naye aliruka mgongoni.

Mwanzo alidhani anashtushwa na maji. Yotham alikuwa na miezi saba, wa kushtuka kwa kila kitu. Kwa hiyo siku ya tatu alimlaza chumba cha pili, akaufunga mlango, akaenda peke yake na kopo. Samaki akaruka. Kule nyuma ya mlango, mwili mdogo ukapiga mkeka, pu!

Siku ya nne hakumlisha samaki. Yotham akakataa ziwa. Alilikataa usiku kucha na kesho yake mchana, midomo imekauka, mpaka Loisi alipokimbilia chupa na kurusha nzi. Na samaki alipokuwa bado anameza, mtoto alishika ziwa akanyonya. Ngozi yake ilikuwa baridi na yenye unyevu katika joto lile. Alikuwa anakonda. Samaki alikuwa ananenepa.

"Baba Yotham, njoo usimame hapa."

"Nina sufuria motoni."

"Iache iungue."

Filipo akaja akijifuta mikono. Loisi akampa mtoto, akafungua kopo. Samaki akaruka, na mtoto akaruka mikononi mwa baba yake, macho wazi, mdomo ukifunguka na kujifumba, ukifunguka na kujifumba, bila sauti.

Filipo akamkumbatia mtoto kifuani. Kisha akanong'ona, "Tummwage nje."

"Na hamsa ishirini?"

"Nitachapwa. Nitapona."

"Na tukimmwaga akafa," Loisi akasema, "huyu uliyemshika je?"

Walikuwa watu waliobatizwa, na Filipo alikuwa akisoma sala mbele ya wenzake siku za Jumapili. Hata hivyo kesho yake asubuhi walipita nyuma ya kambi ya askari, wakabisha kwa Bibi Swaumu, mwanamke wa Kirangi kutoka Kondoa aliyejulikana kwa kuwapunga watu wenye majini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Wakristo leo mmepotea njia?" Akacheka kidogo, kisha akamtazama mtoto akaacha kucheka. Akatia ubani kwenye chetezo. Moshi ulimfikia Yotham, ukapinda, ukampita kando.

Aliuliza habari za maji, na Loisi akamweleza yote, hata la kibuyu. Bibi Swaumu akatikisa kichwa.

"Hilo limemwingia samaki. Kwa mtoto limefikaje? Yale maji unayoyatoa chupani, unayamwaga wapi?"

Loisi akainamisha uso. Katika mwaka kama ule, nani angemwaga maji?

"Ninamwogeshea mtoto."

Bibi akaweka chetezo chini. "Umechukua yao bila kuwapa, kisha ukamwosha mwanao kwa hayo. Wao wamesema, haya, huyu ndiye fungu letu." Akaushika mkono wa Loisi. "Leo saa ya kumlisha samaki, turudishe kila tone. Mtoto atavutwa. Umshike, hata akikuuma, umshike. Na tukivuka ukingo wa korongo asitajwe jina. Hadi sasa wanamjua kwa harufu tu."

Jua lilikuwa linagusa vilima waliposhuka, Filipo na chupa, Bibi Swaumu na ubani na kibuyu, Loisi na mtoto kifuani, amemfunga kwa nguo mbili. Kisima kilikuwa kimejaa hadi mdomoni. Maji yalikuwa meusi na hayakuonyesha mbingu. Bibi akasoma kwa sauti ya chini, akamwaga maji yaliyobaki kibuyuni mchangani, na mchanga ukayanywa kwa sauti ya mtu mwenye kiu. Kisha akamwonyesha Filipo ishara ainamishe chupa, na hapohapo Yotham akajikunja kifuani mwa mama yake kama upinde, akaruka, nguo ya kwanza ikakatika, akaruka tena kwa nguvu ambazo Loisi hakuwahi kuziona hata kwa ndama, kichwa kikielekea maji, ngozi ikiteleza mikononi kana kwamba amepakwa ute, naye Loisi akaanguka magoti akimkumbatia, akimng'ang'ania kwa mikono na kwa kidevu na kwa meno kwenye nguo ya pili, huku mguu mmoja mdogo ukigusa maji, na maji yakiupanda mguu ule kufikia goti, kufikia paja, mpaka Filipo asiweze tena kuvumilia akapiga kelele:

"Yotham!"

Samaki akaruka kutoka chupani, mwekundu hewani, akatumbukia kisimani. Maji yakateremka kama yaliyovutwa kwa chini. Ukabaki mchanga mkavu.

Mtoto akalia. Kilikuwa kilio cha mtoto, cha hasira na njaa, na ngozi yake ilikuwa na joto tena. Loisi akaketi palepale akamnyonyesha, akicheka na kulia pamoja. Bibi Swaumu hakucheka. Alimtazama Filipo, kisha akakitazama kisima.

"Twendeni," akasema. "Giza linaingia."

Usiku ule Yotham alinyonya mara tano, akalala akitoka jasho. Asubuhi alicheka na Tabu. Mchana alikula uji. Filipo alishinda akijifunza maneno atakayomwambia Bwana, na kila alipoyarudia alimtazama mwanawe akaona viboko ni vyepesi.

Jioni walikaa wote watatu jikoni, mlango wazi. Filipo alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, kimya. Loisi alikuwa ananyonyesha. Huko nje, upande wa korongo, mtu akaita.

"Yotham!"

Ilikuwa sauti ya Filipo.

Loisi akamtazama mumewe. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya mchele, na midomo yake ilikuwa imefungwa.

"Yotham!" ikaita tena, karibu zaidi.

Mtoto akaachia ziwa. Akageuza kichwa kuelekea mlangoni, yeye ambaye hakuwa bado na neno hata moja kinywani, akaitika:

"Naam."