Fagio Safi kwa Wote

Oswald, fundi wa kompyuta, alipoiona bastola ya Beretta kiunoni mwa mgeni wake, aliruka dirisha la nyuma la duka lake na kuacha kandambili moja kizingitini.

Selestina, mpelelezi wa idara ya wanyamapori, hakumwita. Alimfuata.

Walipita uani kwa watu, wakaizunguka mashine ya kusaga, wakakatisha katikati ya kamba za nguo. Mama mmoja wa hapo Mabwerebwere, Kilosa, aliyekuwa akipepeta mchele aliinua ungo wake juu kuwapisha, huku akiwatukania wazazi wao. Nyuma ya choo cha jirani fundi akanasa kwenye wigo wa miiba, na Selestina akamdaka ukosi.

"Shikamoo dada," alisema Oswald, akihema.

"Marahaba. Rudi dukani."

Redio ya Motorola ikakoroma begani kwa Selestina, ikiita jina lake la kazini.

"Nyigu, hapa Mzinga." Ilikuwa sauti ya Mkuu Alfred, aliyekuwa akiiongoza operesheni ya kuwasaka majangili kutoka Morogoro.

"Sema, Mzinga."

"Swala Moja wameanza kushuka kwenda mtoni. Wamezima redio mpaka wafike. Hatuna njia ya kuwaonya."

"Na majangili?"

"Wamewatangulia, wanawavizia. Kuna mtu anawaona askari wetu kwenye ramani, Nyigu. Mtafute."

Swala Moja kilikuwa kikosi cha askari wa wanyamapori kule Mikumi, na kiongozi wake alikuwa Yared, mdogo wake Selestina wa tumbo moja. Selestina ndiye aliyembeba mgongoni kwenye vilima vya Vidunda kabla hajajua kutembea. Sasa kuna mtu alikuwa amekaa mahali, ametulia, anaitazama nukta ya kifaa cha GPS cha Yared ikisogea kuelekea kwenye bunduki.



Chanzo cha kuvuja kwa siri walikuwa wamekwisha kukijua. Kwenye kompyuta ya kituo cha doria kulikuwa na programu iitwayo Fagio Safi. Ilijinadi kwamba inasafisha mashine iwe nyepesi. Kumbe ilikuwa inapiga picha kila kinachoonekana kwenye skrini na kuzituma kwa genge la nje linalonunua pembe za ndovu. Naomi, mtaalamu wa idara, alikuwa ameudukua ukurasa wa mtandaoni wa genge hilo, lakini ulionyesha kompyuta mamia kwa mamia zenye programu hiyo. Wakala wao wa Kilosa anayepokea picha hizo ni nani, hakuna aliyejua.

Inasafisha nini? Selestina alizichukia programu za namna hiyo kuliko alivyowachukia wezi wa kuku. Mwizi wa kuku walau anaona aibu. Hizi zinajipachika mlangoni, zinakupigia kelele kwamba mashine yako ni mgonjwa, kisha zinakuuzia dawa ya ugonjwa zilioutunga zenyewe.

Alifungua laptop yake mezani kwa Oswald.

*Inasasisha. Tafadhali usizime kompyuta.*

"Saa hizi?" alifoka. "Saa hizi!"

Asilimia mbili.

Alipiga ngumi mezani hadi vichwa vya chaja vikaruka. Mashine ameinunua mwenyewe, bando analipa mwenyewe, halafu kuna mtu asiyemjua kaamua kwamba sasa hivi ndiyo saa ya kubadilisha rangi za vitufe. Nani alimwomba?

Akamgeukia fundi.

"Nani alikupa Fagio Safi uiweke kituoni?"

"Bosi Cleopa, yule anayenunua mbegu Kilangali. Alisema ni msaada kwa serikali. Lakini mimi siweki kituoni tu, dada. Nina kopi yangu moja, ina programu zote ndani, na Fagio Safi imo. Mashine yoyote ikija hapa, naimwagia hiyo hiyo. Nianze kuweka kimoja kimoja, nitamaliza lini?"

"Bila kumuuliza mwenye mashine?"

"Si ni bure?"

Selestina alifumba macho kidogo. Neno hilo lilikuwa limemharibia siku nyingi. Programu ya kusoma nyaraka ni bure, lakini inataka barua pepe yako kabla haijafungua ukurasa mmoja. Ya kufungua mafaili yaliyobanwa ni bure, ila kila asubuhi inakusimanga kwamba muda wako wa majaribio umeisha. Katika mashine nzima aliiheshimu Notepad peke yake. Inafunguka, inaandika, inanyamaza.

Kisha akafumbua macho.

"Kompyuta ya Cleopa mwenyewe umewahi kuitengeneza?"

"Juzi juzi. Ilikuwa nzito sana."

"Ukaimwagia?"

"Nikaimwagia." Oswald alijikuna shingo. "Kwani kuna tatizo?"

"Nitaitambuaje kati ya mamia?"

"Kila mashine naipa jina la mteja, nisije nikachanganya."

Selestina aliivuta kompyuta ya fundi. Matangazo matatu yakamrukia usoni, moja la dawa ya vitambi. Aliyafunga kwa kuipondaponda mausi, akafika kwenye ukurasa wa genge, akaandika: *Bosi Cleopa*.

Ikaja.

Skrini ya Cleopa ilikuwa wazi mbele yake. Upande mmoja ramani ya doria, nukta za Yared na wenzake zikiteremka. Upande wa pili ujumbe aliotoka kumwandikia mtu wake: *Yale meno mawili makubwa yabaki Zombo. Wa nje wasijue.* Na chini kabisa, mahali mashine ilipo. Kilangali, kando ya uwanja wa kuanikia mpunga wa mbegu.

Alipiga picha kwa simu. Akachukua funguo za pikipiki yake ya Boxer.

"Mzinga, hapa Nyigu. Nimempata. Kilangali."

"Subiri kikosi, Nyigu."

"Yared hawezi kusubiri."

Alizima redio, akatia moto.

Prado nyeupe ilikuwa imeegeshwa ukingoni mwa uwanja. Vibarua walikuwa wanageuza mpunga kwa reki, na mtu mnene mwenye kofia ya pama ameweka laptop kwenye boneti. Dereva wake aliisikia pikipiki, akachomoa bastola.

Alichelewa. Selestina alishaiachia Boxer ikaenda yenyewe, ikamchota miguu. Bastola ikaangukia mpungani. Kabla vumbi halijatua, dereva alikuwa kafungwa pingu kwenye bampa, na mdomo wa Beretta upo shavuni kwa Cleopa.

"Piga simu. Watu wako waondoke mtoni."

Cleopa alitabasamu. "Utanipiga risasi mbele ya watu wote hawa? Mimi ni mteja wao, mwanangu. Hapo mtoni wameshafika."

Kidole chake kilikuwa juu ya nukta ya mbele. Ile ya Yared.

Selestina alitamani sana kufyatua. Badala yake akamwonyesha simu.

"Hii ni skrini yako."

Tabasamu likaganda.

"Fagio Safi imo humu ndani, Cleopa. Fundi wako hachagui mteja. Kila ulichoandika, mabosi wako wa nje wamekisoma. Na meno ya ndovu uliyowaficha Zombo wameyaona."

Cleopa alitazama laptop yake, akarudi nyuma hatua moja.

"Nitakuchukua mahabusu salama," alisema Selestina, "au nitakufunga hapa hapa niondoke, wakukute wenyewe. Chagua upesi."

Jasho lilimtoka hadi kofia ikalowa. Akabonyeza simu.

"Tokeni hapo. Wote. Nimesema tokeni! Acheni bunduki, tokeni!"

Selestina aliwasha redio na kuisogeza karibu na mdomo. Kwenye ramani nukta zilikuwa zimefika kwenye mstari wa buluu wa mto. Zikasimama.



"Mzinga, hapa Swala Moja." Sauti ya Yared, imechoka, imekauka kwa vumbi. "Tumefika mtoni. Tumekuta bunduki nne zimetupwa kwenye majani. Wenyewe hawapo."

Selestina alibonyeza kitufe cha redio.

"Yared."

"Dada? Shikamoo. Unafanya nini kwenye redio ya kikosi?"

"Marahaba," alisema, akageuka kuwapa vibarua mgongo. "Zikusanye hizo bunduki. Na uniletee ile kompyuta ya kituoni."

"Ya nini?"

"Niivunje."

Aliinua Boxer, akapangusa vumbi kwenye kiti na kumwachia Cleopa pingu ya pili kwenye mlango wa Prado. Gari za kikosi, za kumpeleka mahabusu, zilikuwa zimeshakaribia uwanja. Hakuzingoja zisimame.