Mafuta Upande wa Kulia

"Leo imekuwaje?"

"Imeimba tu, Fundi. Ukiwa mbali ungedhani kinanda."

"Haikuzima?"

"Haikuzima hata mara moja."

Fundi akapitisha kitambaa chini ya tumbo la ndege, akakigeuza, akakitazama. Kilikuwa cheupe vilevile kama alivyokitoa kabatini.

"Mbona kavu?"

"Nimeifuta kabla sijaondoka uwanjani."

"Wewe?"

"Mimi. Kwani sina mikono?"

Mikono alikuwa nayo. Ila ni mikono ambayo tangu aoe haijaosha hata kijiko, na leo imeosha ndege. Fundi aligeukia injini. Alifungua plagi, akadondoshea injini matone ya mafuta mepesi mekundu ili isishike kutu, akafunga, akaiweka ndege juu ya rafu pale banda la nyuma. Halafu akaingia ndani kupasha chakula.

Tueleze kidogo habari za hawa watu. Mke ni fundi wa jenereta, na mume ni mwalimu wa udereva. Jina la Rubani alipewa na mkewe wakati wa uchumba, kwa kumtania, maana ndege ya kweli hajawahi kupanda. Ya kwake ni ya rimoti, mabawa yake yanatosha kuziba mlango, na puani ina injini ya mapigo manne yenye sauti nzito ya kiutu uzima. Jumamosi Rubani anakwenda kuirusha, jioni Fundi anaisafisha na kuirekebisha. Mapenzi yao yalianzia kwenye injini hiyo. Mwanamume alikuwa anakaza sindano ya kabureta mpaka injini ilie vizuri kabisa pale chini, na kila ikipanda inazima. Msichana mmoja aliyekuwa akipita akamwambia, "Kaka, unaibana. Mlio ukishafika kileleni ilegeze sindano kidogo, sauti ikwaruze. Huko juu itajisawazisha yenyewe." Ndoa ikafuata.

Mwaka jana walipata mtoto wa kike ambaye hakuvuta pumzi. Wiki ileile, wodi ileile, dada yake Rubani alijifungua wa kike pia, salama salimini. Fundi alitoka hospitali bila chozi. Majirani wakasema ana moyo mgumu, lakini majirani nao wana lipi wanalolijua? Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Alikula, akalala, akaenda kazini, akarudi. Neno moja tu alilitamka kwa nguvu mwaka mzima ule:

"Kwa dada yako asikanyage mtu wa nyumba hii. Mimi siendi na wewe huendi. Niahidi."

Rubani akaahidi. Tangu hapo waliongea habari za injini tu. Plagi imechoka? Valvu zimelegea? Mafuta ya tangi yamebaki? Ukiwasikiliza nyuma ya ukuta ungesema ni gereji, si nyumba ya mtu na mkewe.

Basi kitambaa kile cheupe kilimkaa Fundi kichwani. Injini ya mapigo manne haina siri. Inatema mafuta kila inapokwenda, na ndege ikiruka lazima irudi imepakaa. Katikati ya wiki akampigia shangazi yake.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sauti yako mbona kama ya redio iliyoisha betri?"

"Ndivyo ilivyo siku hizi. Nikuulize. Mwanaume akianza kurudi msafi, maana yake nini?"

"Msafi vipi?"

"Alikuwa anarudi ananuka mafuta. Sasa harudi na harufu."

"Mh! Mwanangu, mume akinuka kazi yake, lala usingizi. Akinuka sabuni isiyo ya kwako, amka."

"Hanuki sabuni. Ananuka... sijui. Poda."

"Poda!" Shangazi akashusha sauti. "Na wewe unajisikiaje?"

"Sijisikii, shangazi."

"Hujisikii vizuri?"

"Sijisikii kabisa."

"Mama yako anakusubiri, chumba chako hakijaguswa. Nguo zako mwenyewe utazikunja, au nije nikusaidie?"

"Ngoja kwanza. Nataka kujua, halafu nitakunja."

Jumamosi iliyofuata Rubani alirudi mapema na ndege begani. Safari hii ilikuwa imepakaa mafuta, tena vizuri, ubavu wote wa kulia kuanzia kwenye bomba la moshi.

"Haya, kazi yako hiyo," akasema, akijaribu kucheka. "Leo sijaifuta. Usije ukasema nakunyang'anya ajira."

Fundi akaitazama. Akagusa yale mafuta kwa kidole, akakisugua kwa kidole gumba.

"Imeendaje?"

"Leo imenisumbua. Nikiinua pua tu, inazima."

"Inazima ghafla au inachoka kwanza?"

"Ghaf... inachoka. Halafu ghafla."

"Basi inakosa mafuta. Ishike tuone."

"Sasa hivi?"

"Ina ugonjwa, au haina?"

Akafungua plagi kwanza. Akainamisha ndege, akazungusha propela kwa mkono taratibu. Kwenye tundu la plagi pakatoka tone jekundu, jepesi, safi. Ni yale mafuta aliyoyatia yeye Jumamosi iliyopita. Injini ingewaka hata dakika moja yangeungua yote. Akalifuta tone lile, akarudisha plagi. Rubani alikuwa ameangalia pembeni.

Akajaza tangi, akapasha plagi kwa betri, akapiga propela. Injini ikakohoa, ikashika. Rubani akaikumbatia ndege kutoka nyuma kama ilivyo desturi yao, na Fundi akachukua rimoti. Akapandisha moto wa injini taratibu mpaka mwisho. Banda zima likatetemeka.

"Inua pua!"

Rubani akainua pua juu kabisa. Injini ikaendelea kuunguruma bila hata kupunguza pumzi.

"Haizimi!" Fundi akapiga kelele.

"Nini?"

"Nasema haizimi!"

Ndipo simu ya Rubani ikawaka juu ya meza, mbele ya mkewe. Rubani aliiona. Akaona na mkewe akiichukua. Lakini mtu aliyekumbatia ndege yenye propela inayozunguka kwa nguvu zote haachii mikono, labda kama amechoka na vidole vyake. Akabaki pale na pua ya ndege juu, akitikisa kichwa, midomo ikisema "hapana, hapana" bila sauti kusikika.

Fundi akasoma:

"Kaka umetoka tu amesimama! Peke yake! Ameshika kiti ulichokalia akasimama. Jumamosi usichelewe, amekuzoea kuliko baba yake."

Akairudia kuisoma. Halafu akashusha moto, akaikata injini.

"Iweke chini."

Rubani akaiweka.

"Nilidhani una mwanamke," Fundi akasema. Sauti yake ilikuwa ileile ya kuulizia plagi.

"Sina. Haki ya Mungu sina."

"Bora ungekuwa naye."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Mwanamke ningejua la kumfanya. Ningekwenda nikamtukana, shangazi angenishikia mkoba. Sasa hapa nikamtukane nani? Tangu lini?"

"Tangu alipoanza kukaa."

"Na ndege?"

"Mwanzoni niliirusha kwanza ndipo nikaenda, siku hizi inabaki kwenye gari. Mafuta nayamwaga majanini."

"Na haya uliyoipaka leo?"

"Wiki iliyopita niliona ulivyokitazama kitambaa."

"Umeyapaka kulia."

"Si ndiko liliko bomba la moshi?"

"Bomba liko kulia. Upepo wa propela unayazungusha, yanapita chini ya tumbo, yanakwenda kugandia kushoto, kule mkiani. Miaka yote hii ndiko ninakosugua mimi. Na yanakuwa ya kahawia, yameungua. Haya umeyamimina kutoka kwenye chupa." Akafuta kidole chake kwenye gauni la kazi. "Ungewahi kuifuta siku moja tu ungejua."

Rubani akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alianza kulia, na hakuficha.

"Uliniahidi," Fundi akasema.

"Nilikuahidi. Lakini mimi pia nilikuwa na mtoto, Fundi. Hukuniuliza. Humu ndani nikikohoa naona nakusumbua. Kule nikifika kuna kelele, kuna mtu ananivuta ndevu. Nikikaa saa mbili naweza kurudi hapa tukaongea habari ya valvu wiki nzima. Ningekosa zile saa mbili ningekufa."

"Kwa hiyo wewe ulikuwa unasikia."

"Nini?"

"Uchungu. Raha. Vyote."

"Ndiyo."

"Mimi sisikii kitu. Hata sasa. Nakutazama unalia, najua ni vibaya, lakini sisikii. Ni kama nimesimuliwa habari ya mtu mwingine." Akachukua kitambaa, akaanza kufuta ule ubavu wa kulia. "Jumamosi ijayo utanipeleka. Nitamshika huyo mtoto. Nikimshika nisisikie kitu, nitakwenda kwa mama, na usinifuate. Siwezi kuishi na mtu anayesikia, mimi nikiwa hivi. Nitakuwa nakuua kidogokidogo, na wewe utaendelea kunidanganya kwa huruma."

"Na ukisikia?"

"Sijui. Sijafika huko."

Wiki ile Rubani hakulala vizuri, na Fundi alilala kama gogo, jambo lililomtisha mumewe kuliko yote. Alikunja nguo zake Ijumaa, bila hasira, akaliweka begi mlangoni. Jumamosi akaliingiza mwenyewe kwenye gari.

Wifi alifungua mlango, ufagio mkononi. Alipomwona aliyesimama nyuma ya kaka yake, ufagio ukamtoka.

"Wifi."

"Hujambo, wifi."

"Sijambo. Karibu. Karibuni. Nyumba imechafuka, mngesema..." Akaanza kuokota vitu sakafuni, kisha akaviacha. "Nilikuandikia meseji nyingi."

"Nilizifuta bila kusoma."

"Nilijua."

Mtoto alikuwa kwenye mkeka, ana kifuniko cha sufuria anakipiga chini. Alipomwona Rubani akapiga kelele ya furaha, akatambaa mbio. Rubani hakumwinua. Alimtazama mkewe, mikono ameibana mapajani kama mwanafunzi mbele ya mwalimu.

Fundi akainama, akamwinua mtoto.

Alikuwa mzito kuliko alivyofikiri. Alinuka poda. Akamgusa uso, ngozi laini, akamtazama macho, na macho yakamtazama. Akangoja. Rubani hakuvuta pumzi. Fundi akangoja tena, akamhamishia bega la pili, akangoja.

"Hakuna kitu," akasema.

"Mpe muda," Rubani akasema.

"Nimempa. Hakuna kitu. Samahani, wifi, mtoto wako mzuri, ni mimi tu." Alikuwa ameshaanza kumrudisha kwa mama yake, akauliza kwa adabu tu, kama mgeni yeyote anavyouliza kabla ya kuaga: "Anaitwa nani?"

Wifi akamgeukia kaka yake.

"Hujamwambia?"

"Ningemwambiaje?" Rubani akasema.

"Kuniambia nini?"

"Wifi, tulipokuwa na matumbo yetu, mimi na wewe pale kliniki, tulipatana nini? Wa kwako akiwa wa kike atachukua jina langu, na wa kwangu la kwako. Wa kwako alipo... nilisema jamani nibadilishe, nitamuumiza. Kaka akakataa. Alisema patano ni patano, na jina lako ndilo jina zuri kuliko yote anayoyajua. Huyo ni somo yako. Mnaitwa jina moja."

Fundi akasimama na mtoto mikononi, hajamtoa na hajamrudisha begani. Akamtazama mumewe.

"Kwa hiyo kila Jumamosi ulikuwa unakuja hapa unaniita?"

"Ndiyo."

"Na anaitika?"

"Mwite."

Ni jambo gumu mtu kuliita jina lake mwenyewe. Alilianza, likakwama. Akalisema tena, kwa sauti ya chini. Mtoto aliyekuwa anachezea kifungo cha gauni akaacha, akainua kichwa, akamtazama usoni, akacheka kama mtu aliyeitwa na anayemjua.

"Rubani," Fundi akasema.

"Nipo."

"Mchukue. Nitamwangusha."

"Humwangushi."

"Mchukue, inauma."

"Wapi?"

"Sijui wapi! Kote!"

Akakaa palepale kwenye mkeka, mtoto kamkumbatia kifuani, na kilio kikamtoka kikubwa, cha sauti, kisicho na aibu. Mtoto akashtuka, midomo ikapinda, naye akaanza. Rubani akapiga magoti, akawakumbatia wote wawili kwa nyuma. Wifi akaenda kufunga mlango ili majirani wasije kuuliza, akarudi, akakaa nao chini. Hakuna aliyemwambia Fundi anyamaze.