Mhuri Mfukoni mwa Shemeji

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, Katibu huingia bandani kugeuza vitunguu. Hunusa vya chini na kutoa vilivyolainika. Siku moja mumewe alimtania akiwa mlangoni.

"Mheshimiwa Katibu, wagonjwa wako wameamkaje?"

"Wawili wameota majani. Lori lisipokuja mwezi huu, mavuno yote ya msimu yataozea humu."

Mnunuzi alikuwa tayari. Alichotaka ni barua tu ya chama cha wakulima wa vitunguu, yenye mhuri. Lakini mhuri ulikuwa kwa mwenyekiti wa zamani, kaka mkubwa wa mumewe. Kwa miaka kumi na mmoja alitembea nao katika mfuko wa shati, hata watu wakamwita Mzee Mhuri.

Mwezi uliopita wanachama walikutana, wakamwondoa na kuchagua viongozi wapya. Ndipo mama huyu akawa katibu. Mzee Mhuri alikataa kukabidhi. Alisema mkutano ule ulikuwa batili. Chama kikamshtaki mahakamani, na kesi ikapangiwa kusikilizwa baada ya wiki nane. Vitunguu havingoji tarehe ya kesi.

"Nimepata dawa," mumewe alisema wakinywa chai. "Kuna fundi anachonga mihuri. Nusu saa tu, tunao mpya."

"Na kaka yako?"

"Abaki na wake, auchezee."

Katibu alikuwa amechoka, na nusura akubali. Lakini kwanza alikwenda kwa jirani yao, Bi Karani. Mama huyo alipokea majalada ya mahakama kwa miaka thelathini. Sasa amestaafu na anashona sare za shule.

Bi Karani alisimamisha cherehani.

"Mwanangu, mchonge mhuri wa bandia na kesi iko mahakamani? Hiyo ni jinai. Mtakwenda kudai haki, mrudi washtakiwa. Katiba ya chama iko wapi?"

Katiba ilikuwa chini ya gunia la mbegu. Panya walikuwa wameanza kuisoma kabla ya wanachama. Bi Karani alivaa miwani, akafuata mistari kwa kidole.

"Taarifa ya mkutano mkuu itolewe kwa maandishi, siku kumi na nne kabla. Ninyi mlitangazaje?"

"Kama siku zote. Kwa mdomo, pale mizanini, watu walipoleta mazao kupima."

"Siku ngapi kabla?"

"Nne."

"Na wakulima wa bondeni walisikia?"

Watu wa bondeni huvuna mwisho. Siku ile hawakuwa na cha kupima, kwa hiyo hawakuja mizanini. Hakuna aliyewafuata kuwaambia. Katibu aliona aibu.

"Basi shemeji yako ana hoja," Bi Karani alisema. "Msimchukie kwa hilo. Katiba inaruhusu theluthi ya wanachama kuitisha mkutano. Itisheni upya. Kila mtu apewe barua na asaini kwamba ameipata. Mkielewana, andikeni makubaliano, myapeleke mahakamani yasajiliwe, kesi iishe."

"Na vitunguu vyangu kwa siku kumi na nne?"

"Vigeuze."

Theluthi ya wanachama ilipokubali, barua ya kwanza Katibu aliipeleka mwenyewe kwa Mzee Mhuri. Mzee aliisoma mara mbili.

"Nani kakufundisha haya, shemeji?"

"Katiba. Mara ile tulikosea."

Mzee alitafuta kalamu, akasaini.

Kwa siku kumi na nne mume na mke waligeuza vitunguu pamoja, asubuhi na jioni. Walitupa ndoo tatu. Mumewe hakutania tena.

Siku ya mkutano watu wa bondeni walijaa viti vya mbele. Mzee Mhuri alipewa nafasi, akajitetea mpaka akamaliza. Kisha kura zikapigwa kwa siri. Alishindwa, tena kwa kura nyingi kuliko mwanzo.

Mzee alitoa mhuri mfukoni, akaufuta kwa leso, akauweka mezani.

"Mara ya kwanza mlinifukuza," alisema. "Leo mmenistaafisha."

Pande zote mbili zilisaini makubaliano. Mahakama iliyasajili, na kesi ikaisha. Lori lilikuja wiki hiyo hiyo. Katibu alisimama katika banda tupu, akacheka peke yake kwa furaha.

Msimu uliofuata alikuwa mezani akiandika barua za mkutano mwingine. Shemeji yake alipiga hodi, akakaa. Mkono wake ulikwenda kwenye mfuko wa shati, kwa mazoea, ukakuta hamna kitu. Katibu aliona, akamwonea huruma.

"Za bondeni nani anapeleka?" mzee aliuliza.

"Bado sijapata mtu, shemeji."

"Nipe mimi. Zimebaki siku ngapi?"

"Kumi na sita."

Alizihesabu barua, akazikunja vizuri, akazitia katika mfuko wa shati.